Filamu za Kale za Hollywood na Nyota Wake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tunaposema filamu za kale za Hollywood, tunazungumzia kipindi gani?

Wapenzi wengi wa filamu hizi huanza kuhesabu mwishoni mwa miaka ya 1910, wakati kampuni za filamu zilipokwisha kuhamia Los Angeles na kuweka mizizi, na huishia katika miaka ya 1960, mfumo uliozitengeneza ulipovunjika. Katikati ya kipindi hicho kuna tarehe moja isiyosahaulika, nayo ni 6 Oktoba 1927, siku The Jazz Singer ilipozinduliwa New York na watazamaji wakamsikia Al Jolson akizungumza na kuimba ndani ya filamu. Haikupita miaka mingi kabla ya filamu bubu kutoweka kabisa katika studio za Marekani.

Uzalishaji ulikuwa mikononi mwa kampuni chache. Tano kubwa zilikuwa MGM, Paramount, Warner Bros., 20th Century-Fox na RKO, na nyuma yao zilikuwapo Universal, Columbia na United Artists. Hiyo ya mwisho ilianzishwa mwaka 1919 na Charlie Chaplin, Mary Pickford, Douglas Fairbanks na mwongozaji D. W. Griffith, ambao walitaka kumiliki kazi zao wenyewe. Inafaa kukumbuka kwamba tangu mapema kabisa walikuwapo nyota walioona kwamba jina likiwa kubwa bila kumiliki chochote, mwenye jina hilo bado ni kibarua.

Kwa nini nitazame filamu isiyo na rangi?

Kwa sababu wapigapicha wa wakati ule walikuwa wameifikisha kazi ya mwanga na kivuli mahali ambapo wachache wamefika baada yao. Mtazame Ingrid Bergman katika Casablanca anapomsikiliza mpiga kinanda Sam akiimba wimbo ule wa zamani: kamera inamkaribia, mwanga unamwangukia shavuni na machoni, na kwa sekunde kadhaa hasemi neno lolote, hali historia yote ya mapenzi yake inapita usoni. Rangi isingeongeza chochote hapo. Katika Citizen Kane ya mwaka 1941, mpigapicha Gregg Toland alipanga taa na lenzi kwa namna ambayo mtu aliye karibu na kamera na mtu aliye mwisho wa chumba wote huonekana bila ukungu, kwa hiyo mtazamaji mwenyewe ndiye anayeamua amwangalie nani. Orson Welles, aliyeiongoza na kuigiza nafasi kuu, alikuwa na umri wa miaka 25 tu walipoipiga.

Tena si kweli kwamba zote hazina rangi. Mfumo wa Technicolor uliotumia mikanda mitatu kwa wakati mmoja ulitumika katika filamu ndefu nzima kwa mara ya kwanza mwaka 1935, na mwaka 1939 ukatupatia The Wizard of Oz na Gone with the Wind. Kamera zake zilikuwa nzito, taa zilizohitajika zilikuwa nyingi na zenye joto kali, na gharama yake ilikuwa kubwa. Ndiyo maana kwa miaka mingi rangi iliwekewa kazi maalumu, na filamu nyingine zikaendelea na nyeusi na nyeupe.

Nianze na filamu gani?

Mgeni hashauriwi kuanza na Gone with the Wind, ingawa ndiyo inayotajwa zaidi, kwa kuwa inakaribia saa nne na mtazamo wake juu ya utumwa unahitaji mtu aliyejiandaa. Anza na 12 Angry Men ya mwaka 1957, iliyoongozwa na Sidney Lumet. Wanaume kumi na wawili wa baraza la mahakama wamefungiwa katika chumba kimoja siku ya joto, kumi na mmoja wanataka kijana ahukumiwe kwa mauaji, na mmoja, Henry Fonda, anaomba wazungumze kwanza. Haifiki hata dakika mia moja, karibu yote hutokea chumbani humo, na mtu yeyote aliyewahi kukaa katika kikao cha ukoo au cha kijiji ataitambua kila sura iliyo mezani.

Baada ya hapo nenda Rear Window ya mwaka 1954, ambamo Alfred Hitchcock anamketisha James Stewart dirishani akiwa amevunjika mguu, naye anaanza kushuku kwamba jirani wa upande wa pili amemuua mkewe. Nyumba zote unazoziona zilijengwa ndani ya studio ya Paramount, na hadithi karibu yote tunaiona kutoka chumbani mwa Stewart. Ukitaka kucheka, kuna Some Like It Hot ya mwaka 1959. Ukitaka nyimbo na dansi, kuna Singin' in the Rain ya mwaka 1952, ambayo pia itakueleza kwa furaha tele jinsi ujio wa sauti ulivyowavuruga watu wa filamu bubu. Kisha tazama City Lights ya Chaplin usiku ambao huna haraka. Casablanca iache kidogo, uifikie ukiwa umekwisha kuzoea namna watu wa zama zile wanavyozungumza na wanavyonyamaza.

Mbona wanazungumza haraka, na kwa Kiingereza cha ajabu?

Waigizaji wengi walitoka kwenye jukwaa la tamthilia au walifundishwa matamshi na studio, na matamshi hayo yalikuwa yameundwa ili yasikike vizuri, si ya Uingereza kamili wala ya mtaa wowote wa Marekani. Kuhusu kasi, baadhi ya waongozaji waliitaka makusudi. Katika His Girl Friday ya mwaka 1940, Howard Hawks aliwaagiza Cary Grant na Rosalind Russell wadakizane maneno kama watu wanavyofanya kweli. Tumia maandishi ya chini ya picha bila kuona haya, hata kama Kiingereza chako ni kizuri.

Mfumo wa studio ulikuwa nini, na uliwafanyia nini nyota?

Hili ndilo swali la msingi kuliko yote, kwa sababu asiyeujua mfumo huo hawezi kuzielewa vyema sura anazozipenda.

Studio ilikuwa kiwanda kamili. Ilikuwa na waandishi, washonaji, mafundi seremala, wanamuziki, wapambaji na waongozaji wanaolipwa kila wiki, na kampuni tano kubwa zilimiliki pia majumba ya sinema ambamo filamu zao zilionyeshwa. Mwigizaji alitia saini mkataba ambao kwa kawaida ulikuwa wa miaka saba, lakini aliyefungwa zaidi alikuwa yeye, maana studio ingeweza kumwacha kila baada ya muda fulani, naye hakuwa na haki ya kuondoka. Alipangiwa filamu. Alipangiwa hata jina: Archibald Leach wa Bristol akawa Cary Grant, na Margarita Cansino akawa Rita Hayworth. Alipokataa nafasi aliyopewa, alisimamishwa bila mshahara, na siku za kusimamishwa ziliongezwa mwishoni mwa mkataba.

Studio pia ziliazimana waigizaji. Clark Gable, mali ya MGM, aliazimwa na Columbia kwa ajili ya It Happened One Night ya mwaka 1934, kazi ambayo hakuwa na hamu nayo, na ndiyo iliyompatia tuzo ya Oscar. Filamu hiyo ya Frank Capra ilizoa tuzo zote tano kuu mwaka ule.

Wapo waliopigana. Bette Davis aliondoka kwenda Uingereza mwaka 1936 akitaka kufanya kazi nje ya mkataba wake na Warner Bros., kesi ikasikilizwa London, naye akashindwa. Olivia de Havilland, aliyekuwa chini ya kampuni hiyohiyo, aliipeleka mahakamani California akidai kwamba sheria ya kazi ya jimbo inaruhusu mkataba wa miaka saba ya kalenda, na siyo miaka saba ya siku zilizofanyiwa kazi pekee. Alishinda mwaka 1944, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya California ikakataa kuigusa hukumu hiyo. Kwa muda wa kesi hakuigiza popote, jambo ambalo kwa mwigizaji aliye katika kilele cha umri na umaarufu ni gharama kubwa sana. Kisha akarudi na kushinda Oscar mbili, kwa To Each His Own ya mwaka 1946 na The Heiress ya mwaka 1949. Alifariki Paris mwaka 2020 akiwa na umri wa miaka 104. Mimi humheshimu kwa kesi ile kama ninavyomheshimu kwa The Heiress, na mtu akitazama tukio la mwisho la filamu hiyo, mwanamke yule anapopanda ngazi na taa mkononi huku mlango ukigongwa, ataona kwamba ushupavu wa mahakamani na ule wa kwenye kamera vilitoka mahali pamoja.

Hata hivyo kiwanda hicho kilijenga vilevile. Mwigizaji aliyefanya filamu nne kwa mwaka alijifunza kazi kwa kuifanya, akiwa amezungukwa na mafundi bora wa wakati wake, na studio iliyompangia sura na jina ndiyo pia iliyompa mwandishi aliyeijua sauti yake. Ukali wa mfumo ule na uzuri wa filamu zake vilikaa chini ya paa moja, na sioni njia ya kusimulia kimoja bila kingine.

Je, Katharine Hepburn na Audrey Hepburn walikuwa ndugu?

Hapana. Katharine alikuwa Mmarekani wa Connecticut, na mpaka leo hakuna mwigizaji aliyefikia Oscar zake nne za uigizaji katika nafasi kuu. Audrey alizaliwa Brussels mwaka 1929, akaishi Uholanzi wakati wa uvamizi wa Wajerumani, akapata Oscar kwa Roman Holiday ya mwaka 1953, na katika miaka yake ya mwisho alikuwa balozi wa UNICEF. Alikwenda Ethiopia mwaka 1988 na Somalia mwaka 1992, miezi michache kabla ya kifo chake.

Casablanca ilipigwa Moroko kweli? Na ule msemo maarufu?

Ilipigwa karibu yote ndani ya studio ya Warner Bros. huko Burbank, California, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza New York mwezi Novemba 1942, siku chache tu baada ya majeshi ya Marekani na Uingereza kutua Afrika Kaskazini. Msemo wa "Play it again, Sam", ambao watu wengi huunukuu, hausemwi popote ndani yake. Dooley Wilson, aliyeigiza kama Sam, alikuwa mpiga ngoma katika maisha yake ya muziki. Kinanda kilipigwa na mtu mwingine, ila sauti ya kuimba ni yake.

Jambo ninalotaka kila mtazamaji alijue ni kwamba wengi wa wale unaowaona kwenye meza za mkahawa wa Rick, shujaa wa hadithi, walikuwa wakimbizi kweli. Mwongozaji Michael Curtiz alizaliwa Budapest. Conrad Veidt, anayeigiza ofisa wa Kinazi, alikuwa ameihama Ujerumani kwa kuwachukia Wanazi na kwa kuwa mkewe alikuwa na asili ya Kiyahudi. Marcel Dalio, anayesimamia meza ya kamari, alikuwa nyota nchini Ufaransa kabla ya kukimbia, na hapa amepewa nafasi ndogo tu. Basi inapofika sehemu ambapo wimbo wa taifa la Ufaransa unazima ule wa Wajerumani, machozi unayoyaona si ya kuigiza peke yake. Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi, na bado siwezi kuitazama nikiwa nimetulia.

Kwa nini wanandoa wanalala vitanda viwili, na mhalifu lazima aadhibiwe?

Kulikuwa na kanuni za maadili ambazo studio zenyewe zilijiwekea mwaka 1930 na kuanza kuzitekeleza kwa ukali kuanzia Julai 1934 chini ya Joseph Breen, zikiogopa serikali na taasisi za dini zisije zikaingilia. Hakuna filamu iliyopata cheti bila maandishi yake kupitiwa. Filamu za kabla ya Julai 1934 humshangaza mgeni kwa uhuru wake.

Waongozaji hodari waligeuza vizuizi kuwa ubunifu. Katika Notorious ya mwaka 1946 Hitchcock alijua kwamba busu refu lisingepita, hivyo akawafanya Cary Grant na Ingrid Bergman wabusiane kidogo, waseme jambo, wabusiane tena, watembee hadi kwenye simu wakiwa wamekumbatiana, kwa dakika kadhaa. Hakuna busu hata moja lililokuwa refu, na tukio zima limejaa mapenzi kuliko mengi yaliyokuja baada ya kanuni kufutwa mwaka 1968.

Lakini kanuni zilikuwa na kipengele kingine kisichochekesha hata kidogo. Zilikataza kuonyesha mapenzi kati ya Weupe na Weusi, na kivuli cha marufuku hiyo kiliwafikia hata wasio Weusi. Anna May Wong, mwigizaji mkubwa zaidi wa asili ya Kichina katika Hollywood, hakupewa nafasi ya mke katika The Good Earth ya mwaka 1937, hadithi ya wakulima wa China, kwa kuwa mume alikuwa amekwisha kupewa Paul Muni, Mzungu. Nafasi ilikwenda kwa Luise Rainer, naye akapata Oscar.

Watu weusi walikuwa wapi katika filamu hizi?

Walikuwapo tangu mwanzo, wakiwa wamefungiwa milango karibu yote isipokuwa ule wa jikoni. Ninayewaambia watu waanze kumsoma ni Hattie McDaniel, binti wa wazazi waliowahi kuwa watumwa, aliyeigiza kama mtumishi katika Gone with the Wind. Filamu ilipozinduliwa Atlanta mwezi Desemba 1939 hakuhudhuria, kwa sababu ya sheria za ubaguzi za jimbo la Georgia. Tarehe 29 Februari 1940 akawa mtu mweusi wa kwanza kushinda Oscar, katika hoteli ya Ambassador mjini Los Angeles ambayo haikuwapokea Weusi, na alipewa meza ndogo pembeni, mbali na waigizaji wenzake. Alipofariki mwaka 1952 matakwa yake ya kuzikwa katika makaburi ya Hollywood yalikataliwa. Tuzo yake aliiacha kwa Chuo Kikuu cha Howard, ambako ilipotea, na ni mwaka 2023 tu ambapo Academy, chama kinachotoa Oscar, ilikikabidhi chuo hicho nyingine badala yake.

Wako waliomlaumu kwa kukubali nafasi za utumishi, hata katika wakati wake. Mimi ninaona kwamba anayemtazama kwa makini ataona mwanamke anayeujua moyo wa kila mtu katika nyumba ile kuliko wanavyojijua wenyewe, na kwamba ujuzi huo aliuweka yeye pale. Maandishi hayakumpa.

Lena Horne aliimba katika filamu za MGM katika sehemu ambazo zingeweza kukatwa bila hadithi kuharibika, ili majimbo ya kusini yazikate. Dorothy Dandridge akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupendekezwa kwa Oscar ya mwigizaji bora wa kike, kwa Carmen Jones ya mwaka 1954. Sidney Poitier, mtoto wa wakulima wa nyanya kutoka Bahamas, alishinda ile ya wanaume kwa Lilies of the Field mwaka 1964. Miaka mitatu baadaye katika In the Heat of the Night anazabwa kofi na tajiri mweupe wa kusini, na papo hapo anamrudishia. Filamu hiyo kwa sehemu kubwa ilipigwa Illinois, kwa kuwa Poitier alikuwa na sababu nzuri za kutotaka kufanya kazi Mississippi.

Ni filamu zipi za zama hizo zilizopigwa Afrika Mashariki na Kongo?

Ni zaidi ya watu wanavyodhani, na kila moja inahitaji kutazamwa kwa macho mawili, moja la kufurahia na jingine la kuuliza.

MGM ilituma kikosi kizima kwa ajili ya Trader Horn ya mwaka 1931, na mmoja wa waigizaji wake wakuu, Mutia Omoolu kutoka Kenya, alisafiri hadi Hollywood kumalizia kazi. Kampuni hiyohiyo ilirudi na King Solomon's Mines ya mwaka 1950, iliyoshinda Oscar ya upigaji picha wa rangi. Mandhari yake ni ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo, na ngoma za Watutsi zilizomo ni kumbukumbu ya thamani hata kwa mtu asiyeijali hadithi ya wazungu wanaotafuta almasi. Mogambo ya mwaka 1953, chini ya John Ford, ilimleta Clark Gable pamoja na Ava Gardner na Grace Kelly. Gable alikuwa amekwisha kuigiza hadithi hiyohiyo miaka 21 kabla katika Red Dust, ikiwa imewekwa Asia. Mimi ninaona kwamba Ava Gardner anaibeba ya pili mabegani peke yake.

The African Queen ya mwaka 1951, kazi ya pamoja ya Waingereza na Wamarekani iliyoongozwa na John Huston, ilipigwa Kongo na Uganda. Katharine Hepburn aliugua sana huko, huku Huston na Humphrey Bogart, ambao walipendelea wiski kuliko maji, wakibaki salama. Sehemu za kuzama majini zilimaliziwa Uingereza kwa hofu ya kichocho. Ndiyo filamu iliyompa Bogart Oscar yake pekee. Hadithi imewekwa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1914, na nyuma yake kuna tukio la kweli la vita vya Ziwa Tanganyika. Meli ya Kijerumani Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg na kuunganishwa Kigoma, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi ziwani kwa jina la Liemba. Vizazi vya wasafiri wa Kigoma wameipanda bila kujua undugu wake na Bogart.

Something of Value ya mwaka 1957 ilimleta Sidney Poitier Kenya kuigiza kama Kimani, kijana wa Kikuyu anayejiunga na Mau Mau, na ni nadra kuona Hollywood ya wakati ule ikimpa mpiganaji wa Kiafrika uso, uchungu na hoja.

Na Hatari! ya mwaka 1962, ambayo Howard Hawks aliipiga Tanganyika katika eneo la Arusha, huku kambi ya hadithi ikiwa Momella chini ya Mlima Meru, ndiyo ninayoirudia zaidi kati ya hizi. John Wayne na wenzake wanaonekana wakiwakamata vifaru na twiga wenyewe kutoka kwenye magari yanayokwenda kasi, bila hila za kamera. Kiswahili kinasikika humo. Hardy Krüger, mmoja wa waigizaji, aliipenda nchi kiasi cha kununua shamba palepale. Kasoro yake ni ileile ya zote: Watanganyika wanaendesha, wanabeba na kupika, wakati nchi yao inakaribia kupata uhuru, na hadithi haimuulizi hata mmoja wao anawaza nini.

Nani mkubwa, Chaplin au Buster Keaton?

Sijaona sababu ya kuchagua. Chaplin anataka umpende, na katika dakika za mwisho za City Lights, msichana muuza maua aliyepata kuona anapoutambua mkono wa maskini aliyemsaidia, hakuna anayeweza kumnyima upendo huo. Ilitoka mwaka 1931, sauti ikiwa imekwisha kuteka kila jumba la sinema, naye akakataa kabisa kuzungumza. Alitunga muziki wake mwenyewe. Keaton haombi chochote. Uso wake haubadiliki hata ukuta wa mbele wa nyumba unapomwangukia katika Steamboat Bill, Jr. ya mwaka 1928, akaokoka kwa kuwa alisimama panapopita dirisha lililo wazi. Ukuta ulikuwa wa kweli, na nafasi aliyoachiwa ilikuwa ndogo mno.

Marilyn Monroe alikuwa mwigizaji kweli, au sura tu?

Alikuwa mwigizaji, na swali lenyewe linaonyesha jinsi studio ilivyofanikiwa kumuuza kama sura. Mtazame katika Some Like It Hot na usikilize jinsi anavyopima kila sentensi: kichekesho kinakuja nukta moja baada ya pale ulipokitarajia, na huzuni iko chini yake muda wote. Mwishoni mwa mwaka 1954 aliyekuwa nyota mkubwa kuliko wote wa Fox aliiacha California, akajifunza kwa Lee Strasberg mjini New York na kuendesha kampuni yake mwenyewe ya filamu, hadi Fox ikampa mkataba mpya uliomruhusu kuwa na kauli juu ya waongozaji. Alifariki tarehe 4 Agosti 1962 akiwa na umri wa miaka 36. Uvumi kuhusu kifo chake umekula nafasi ambayo ingestahili kuzungumziwa kazi yake, kwa hiyo sitauongezea.

Zama hizo ziliisha kwa nini?

Mwaka 1946 ulikuwa kilele cha mahudhurio katika majumba ya sinema ya Marekani. Miaka miwili baadaye Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi dhidi ya Paramount na wenzake, kwamba umiliki wa studio na majumba ya sinema kwa pamoja unavunja sheria za ushindani, na kampuni zikalazimika kuyauza. Televisheni ikaingia majumbani. Nyota wakaanza kujitegemea.

Na kulikuwa na aibu ya orodha nyeusi. Kuanzia mwaka 1947 waandishi na waigizaji walioshukiwa ukomunisti walinyimwa kazi. Dalton Trumbo, aliyefungwa jela kwa kukataa kujibu maswali ya kamati ya bunge, aliandika hadithi ya Roman Holiday kwa siri, ikatajwa kuwa ya rafiki yake, na Oscar ikapokelewa kwa jina hilo. Mjane wake alikabidhiwa tuzo mwaka 1993. Jina lake mwenyewe lilirudi kwenye skrini mwaka 1960 kupitia Spartacus na Exodus. Chaplin naye, akiwa safarini kwenda London mwaka 1952, alifutiwa kibali cha kurudi, akahamia Uswisi, na Marekani hakuiona tena hadi mwaka 1972 alipokwenda kupokea Oscar ya heshima, na ukumbi ukasimama na kumpigia makofi kwa dakika nyingi.

Kwa nini filamu nyingi za mwanzo hazipatikani popote?

Zilipigwa kwenye mikanda ya naitreti, ambayo huoza na kushika moto kwa urahisi, na studio hazikuona thamani ya filamu iliyokwisha kuonyeshwa. Nyingine ziliyeyushwa ili kupata madini ya fedha yaliyomo kwenye mkanda. Ghala la Fox huko New Jersey liliungua mwaka 1937, na la MGM mwaka 1965. Utafiti wa Maktaba ya Bunge la Marekani uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kati ya filamu ndefu bubu karibu 11,000 za Marekani, ni asilimia 14 tu zilizobaki katika umbo lake la awali. Theda Bara, aliyekuwa miongoni mwa nyota wakubwa wa miaka ya 1910, aliigiza katika filamu zaidi ya 40, na kazi iliyomletea sifa kubwa, Cleopatra ya mwaka 1917, imebaki vipande tu.

Bado hupatikana nyingine. Mwaka 1978 wachimbaji huko Dawson City, kaskazini mwa Kanada, walifukua mamia ya mikanda iliyofukiwa chini ya ardhi ya baridi. Beyond the Rocks ya mwaka 1922, ambamo Gloria Swanson na Rudolph Valentino wanaigiza pamoja, ilihesabiwa kupotea hadi ilipogunduliwa Uholanzi katika mkusanyo wa mtu binafsi, ikakarabatiwa na kuonyeshwa tena mwaka 2005.

Naweza kuzitazama wapi bila kuvunja sheria?

Zile maarufu hupatikana kwenye huduma za kulipia na kwenye diski zilizokarabatiwa, na kama uwezo upo, nakala iliyokarabatiwa inafaa kila shilingi, maana nakala mbovu ya filamu ya mwanga na kivuli ni matusi kwa mpigapicha. Chagua pia nakala yenye umbo la picha la awali: filamu za kabla ya mwaka 1953 zilikaribia kuwa mraba, kwa hiyo utepe mweusi pande zote mbili za televisheni ni jambo sahihi, na anayeinyoosha picha ili ijaze kioo anamnenepesha Greta Garbo bure.

Nchini Marekani hakimiliki ya filamu za miaka ya 1920 imekwisha, na maktaba huru ya Internet Archive inazo nyingi, zikiwamo za Keaton. Nyingine ziliingia katika mali ya umma huko kwa uzembe: ya His Girl Friday haikuhuishwa, na Charade ya mwaka 1963, yenye Cary Grant na Audrey Hepburn, ilitolewa bila tangazo la hakimiliki lililokamilika kisheria. Muda wa ulinzi hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo anayetaka kuonyesha filamu hadharani, shuleni au ukumbini, aangalie kwanza sheria ya nchi yake.

Charade ukiipata, ipate iliyo safi. Kwa kuwa kila mtu aliruhusiwa kuinakili, mitandao imejaa nakala zake zilizofifia hadi mavazi ya Audrey hayatambulikani rangi, ilhali nakala zilizokarabatiwa vizuri zipo.